Pikipiki ya Baba Bella Itoke Barabarani

Jumapili, 5 Oktoba

Ujumbe umeingia kwa simu ya Mutai akiwa bafuni. Nimeusoma, ndiyo. Mke wake nisisome mimi asome nani? Istimara, yaani usajili wa pikipiki, inaisha Alhamisi tarehe 16. Ama airenew, ama atangaze kwamba haitembei tena, arudishe namba pleti, khalas.

Moyo umeruka — kwa furaha! Mungu hujibu hata kwa SMS ya trafiki.

Tangu ajali yake ya Machi hiyo pikipiki imelala Industrial Area, mtaa wa magereji huku ughaibuni, kwa Fabian, fundi Mkenya wa fellowship yetu. Tanki limebonyea, taa hakuna. Iendelee kulala hukohuko. Paja la Mutai lililovunjika limeunga, anatembea vizuri, anapanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kupumzika. Kichwa ndicho bado. Jana nilimwona jikoni ameshika ukuta kwa mikono miwili, macho amefumba. Nikauliza nini. Ati njaa! Na sahani ya ugali iko mezani mbele yake. Mimi ni nesi, sidanganywi na njaa.

Tukiwa tunakula nikamwambia polepole: Baba Bella, hii istimara tuiache, pikipiki itoke barabarani rasmi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Tutaona."

"Tutaona" ya Mutai ni hapana iliyovaa tai. Miaka tisa ya ndoa, naijua.

Jumanne, 7 Oktoba

Sina raha. Leo nimemdunga mtoto sindano kliniki na dakika moja baadaye sikumbuki kama nimeandika kwenye faili. Nilikuwa nimeandika. Lakini ona sasa.

Nimemwambia nesi mwenzangu Nasimiyu yote tukiwa kwenye basi la wafanyakazi kutoka kliniki, Wakrah. Nasimiyu hana breki mdomoni. Akasema wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sasa huyu wako alishavunjika guu na bado hasikii, tumfanyeje? Nikacheka mpaka dereva akatuangalia kwa kioo. Halafu nikaanza kulia. Aki ni aibu.

Nimeangalia ile app ya trafiki. Mwenye pikipiki pekee ndiye anaweza kuiondoa. Akubali mwenyewe kwa simu yake, na lazima sababu iandikwe. Mimi jina langu haliko popote. Hata ningekuwa nimeizaa hiyo pikipiki, bado wangeniambia nimlete mwenyewe.

Nimejaribu tena usiku huu kwa utaratibu. Nikamwambia habari ya kizunguzungu, kwamba daktari hajamruhusu. Akasema daktari hajamkataza pia. Akasema zamani alikuwa akitengeneza lifti tatu kwa siku West Bay, anatoka jengo hili anaingia lile, watu wamekwama wanamngoja yeye. Siku hizi amewekwa stoo anawapa wenzake vipuri. "Nimekuwa askari wa skrubu, Mama Bella."

Nikaosha vyombo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Uuui! Naandika kwa hasira na sina wa kumkasirikia.

Ibada imeisha (huku Ijumaa ndiyo siku yetu ya kanisa), Pasta Paul akasema hakuna kwenda nyumbani, tutoke wote nje, kuna sapraizi. Nikadhani ni keki ya mtu. Tunafika parking, kuna kitu kimefunikwa shuka. Fabian anatabasamu masikio kwa masikio. Akavuta shuka.

Pikipiki! Ya Mutai! Tanki limenyooshwa limepakwa rangi ya bluu, taa mpya, utepe wa bendera ya Kenya umefungwa kwenye usukani. Akina mama wakapiga vigelegele. Pasta akaimwagia mafuta ya mzeituni, akapaka hadi klachi. Akaomba kwamba adui aliyemwangusha ndugu yetu aaibike. Halafu akatangaza: Ijumaa ijayo Mutai ataingia hapa kanisani akiiendesha mwenyewe, atoe ushuhuda, na waendesha pikipiki wote wamfuate nyuma.

Na huu ndio ujinga wenyewe. Mwezi jana walipitisha kikapu, ati harambee ya siri ya ndugu aliyeumia, msiulize ni nani. Nilitoa! Kwa roho safi, tena nikamsukuma Nasimiyu na kiwiko naye atoe. Kumbe nachanga ili mume wangu arudi barabarani. Ni sisi tu tunaweza kumchangisha mke bila kumuuliza kitu, halafu tumpigie vigelegele.

Wakaniita mbele niseme neno. Ningesema nini? Shukrani ya punda ni mateke, na mateke nilikuwa nayo ya kutosha. Nikasema Mungu awabariki. Amina yangu ilitokea puani.

Lakini Mutai alilia. Wakati wanamtia vyuma kwenye paja hakulia. Leo alimshika Fabian shingoni, akawa anasema kongoi, kongoi sana, asante ya kwao, machozi yanaingia mdomoni. Nimempenda hapo, na nimeogopa hapohapo.

Fabian aliiendesha hadi kwetu Bin Mahmoud, Mutai amekaa nyuma na helmeti. Iko chini ya jengo sasa. Naiona nikiinama dirishani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumegombana asubuhi. Sitaki kuandika kila neno. Mimi nilisema mtoto wetu Bella hakuachwa Kericho kwa gogo wake, mama ya Mutai, ili siku moja apigiwe simu ya kuambiwa baba hayuko. Yeye alisema namtakia mabaya. Mimi namtakia mabaya!

Mchana alikunywa dawa akalala. Simu yake iko juu ya mto. Nikaichukua, namba yake ya siri naijua. Nikafungua app. Pikipiki — ondoa barabarani — sababu. Nikachagua "imeharibika". Ikaniomba alama ya kidole.

Kidole gumba chake kilikuwa nje ya shuka. Hapo tu. Nilikishika, kina joto, kina kovu la bisibisi. Nikakisogeza mpaka karibu na kioo. Alikuwa anakoroma kidogo, mdomo wazi, kama Bella akilala.

Nimekirudisha. Sijui kama ni upendo au ni woga. Nikienda kumtoa barabarani akiwa amelala, akiamka ataniangalia vipi? Nikafuta kila kitu nikaweka simu mahali pake. Tangu saa hiyo nazunguka nyumba hii kutoka mlango mpaka dirisha, hata nguo nilizofua sijaanika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetulia kidogo ndiyo naandika.

Nilikuwa zamu ya asubuhi, nimerudi saa tisa. Yeye aliomba ruhusa kazini mapema, hakuniambia. Naweka maji ya chai, nasikia injini chini. Mlio wa pikipiki yake naujua. Nikakimbilia dirishani. Amevaa helmeti, anaipasha. Nikapiga kelele kwa jina lake, hakusikia ama alisikia. Akatoka taratibu, akakata kona ya bakala, lile duka la mtaani, akapotea.

Nikangoja arudi upande wa pili. Ni mzunguko mfupi tu, hata mtu wa miguu anaumaliza. Hakurudi. Nimezima jiko, nimeshuka ngazi na ndala, buibui la jirani lililokuwa limeanikwa nimelikanyaga, nimepita.

Alikuwa amekaa chini kando ya barabara. Pikipiki imesimamishwa vizuri kwa stendi, haina hata mkwaruzo. Yeye amekumbatia nguzo ya taa. Mwenye bakala alikuwa amemletea kiti, lakini hakukikalia. Mwenye duka akanieleza kwamba alimwona Mutai akisimama ghafla, akashuka, akatembea kama mlevi hadi kwenye nguzo. Gari la nyuma lilipiga honi tu, asante Mungu.

Nikachuchumaa mbele ya Mutai. Akaniambia alishuka kununua maji. Maji hayakuwepo. Nilikuwa na maneno tele, nikatoa leso.

Halafu akasema, hata sikuuliza: "Barabara zilikuwa mbili. Nikakosa kujua ipi ni yangu."

Nikamfuta jasho na leso yangu. Akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie Fabian."

Mwenye bakala alinisaidia kuisukuma hadi nyumbani. Mutai alitembea nyuma yetu, mkono ukutani.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo niko off. Jana usiku hakuna aliyetaja pikipiki. Tuliongea na Bella kwa video, akaonyesha jino lililong'oka, tukacheka sana, tena zaidi ya kiasi.

Asubuhi nimechukua spana kwenye sanduku lake nikashuka. Nimeanza kufungua namba pleti. Nati haikubali. Nimesukuma, nimetukana kwa Kimeru, kucha imevunjika. Nikasikia ndala nyuma yangu.

Nilidhani tutaanza vita hapo parking. Akaangalia. Akasema, "Hiyo ni spana kumi. Leta nane."

Akanifungulia yeye. Mimi nilishika kwa nyuma ili isizunguke. Pleti ilipotoka aliipangusa vumbi na fulana yake, pande zote mbili, akanipa.

Nikauliza: kwa hiyo umekubali?

"Nimekubali pleti. Habari ya ofisi ya trafiki sijasema."

Jamani huyu mwanaume! Na bado hiyo siyo mbaya zaidi. Mchana Fabian amempigia simu, anauliza kama Ijumaa alete makoti ya kung'aa ya kuvaa kwenye msafara. Mutai akaniangalia, akaangalia dirisha, akamwambia: "Lete." Mbele yangu! Pleti iko kwenye mkoba wangu na yeye anaagiza makoti!

Nikamwambia kama aibu ndiyo inamsumbua, mimi nitasimama mbele ya kanisa zima niseme ni mimi nimekataa. Waniite mke mkorofi, nimezoea. Akasema, "Wataamini?" Nikasema wataamini haraka sana. Alitaka kucheka, akajizuia, akaingia chumbani.

Kesho ndiyo mwisho. Nimebadilishana zamu na Nasimiyu. Nitakwenda na Mutai akitaka, nitakwenda peke yangu asipotaka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hakutaka. Niko peke yangu hapa ofisi ya trafiki, naandikia kwenye goti. AC inaniuma mabega. Pleti nimeifunga kwenye kitenge.

Nimeondoka asubuhi akiwa amekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni. Nikangoja mlangoni avae cha pili. Akanipa kitambulisho chake bila kusema kitu. Nikaenda.

Karani ni msichana mpole, anaongea polepole ili nielewe. Ameipokea pleti, ameangalia kitambulisho, ameniambia mwenyewe asipokuwepo si shida kubwa: namba ya siri inatumwa kwa simu yake, anisomee, mimi nimpe yeye dirishani. Na sababu. Nikamwambia imeharibika. Akaandika.

Nikampigia Mutai. Amepokea mara ya kwanza, alikuwa ameishika simu mkononi huyu.

Namba imeingia? Imeingia. Basi nisomee. Halafu akaniuliza nimeandika sababu gani.

Nikasema imeharibika.

"Haijaharibika." Sauti imepanda. "Fabian amekaa na hiyo pikipiki mwezi mzima akitoka kazini. Usimwandikie kazi yake kwamba imeharibika. Pikipiki iko sawa kabisa."

Sasa niandike nini, Baba Bella? Watu wako kwenye foleni, namba inaisha muda!

Na ikaisha muda. Karani akaniita, nikamwomba msamaha, nikamwambia mume wangu anataka sababu ibadilishwe. Hakushangaa. Akasema sawa, atatuma nyingine, nikakae nifikirie, halafu niwaachie nafasi walio nyuma yangu. Ofisi inafungwa saa sita na nusu. Mzee mmoja pembeni yangu anasoma tasbihi, ananipa pole kwa macho.

Nimekaa. Laini bado iko wazi. Nikamwambia kwa sauti ya chini: nambie wewe. Niandike nini?

Nasikia feni ya chumba chetu. Nasikia anajikohoza. Halafu akasema:

"Andika pikipiki ni nzima. Mwenyewe ndiye haendeshi tena."

Nimefunika mdomo na mkono. Nimeenda dirishani, nimemwambia karani hivyohivyo, neno kwa neno. Ameniangalia kidogo kabla ya kuandika. Akasema namba mpya imetumwa.

Nimerudi kwenye kiti. Simu iko sikioni, peni mkononi. Imefika? Imefika, anasema. Nisomee basi, mpenzi. Sijamwita hivyo tangu Machi.

Anapumua. Mimi pia. Sitamsukuma, afadhali na hii iishe muda watume nyingine.

"Nne," amesema.

Nimeandika nne.