Vichwa Vyenye Mabega

Sanduku la Barua 41,
Willow Fork, Montana.
25 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Milton,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje, na Peggy amepona kile kikohozi? Mimi ni mzima, ila vidole vinapasuka kwa baridi. Gene wangu yuko vilevile. Mikono inatetemeka, chakula anakula vizuri, na daktari hana jipya la kusema.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika. Unasema tuuze nyumba, bunduki na mashine ya kujazia risasi, tuje Arizona karibu nanyi, eti mtu asiyeweza kufunga kifungo cha shati lake hawezi kuishi mlimani. Una haki ya kusema, wewe ni ndugu yangu. Sasa nisikilize na mimi.

Ni kweli Gene aliacha kujaza risasi zetu, kutia baruti na kichwa kipya kwenye maganda matupu. Mwezi wa nne alimwaga baruti sakafuni mara tatu asubuhi moja. Hakulalamika. Alikuja jikoni, akaweka ufunguo wa kabati la baruti kando ya sahani yangu, na tangu hapo hakukanyaga tena gereji. Akawa mtu wa kukaa dirishani tu, Milton, kama abiria. Kutetemeka nimekuzoea, lakini kule kukaa kulinitia hofu.

Basi nikajiapiza kwamba mwaka huu nyama ya friza letu itatoka mlimani, kwa risasi za mezani petu, na Gene atakuwa na mkono wake ndani yake. Kibali cha kuwinda elki dume, kulungu mkubwa wa huku, nilikuwa nimekipata, baada ya kuomba miaka tisa. Nikaagiza vichwa vya risasi vya daraja la pili, vile ambavyo kiwanda huviuza kwa punguzo kwa sababu vina madoa au ncha zimepinda kidogo. Unavijua, baba hakununua vingine maisha yake yote. Vinakuja kwenye mfuko ulioandikwa unene na uzito tu, umbo lake ujijulie mwenyewe.

Nikafungua daftari la Gene, nikashindilia kila kichwa kwenye ganda lake kwa urefu alioandika. Risasi arobaini. Nilipojaribu mbili kwenye shabaha zilipiga pazuri, nikajiona fundi. Bolti ya bunduki, lile komeo linalofungia risasi ndani, ilikuwa nzito kidogo kufunga, nikasingizia baridi.

Tarehe tisa nikapanda peke yangu. Nilimwona dume mmoja, mkubwa kama farasi, akiingia kwenye misonobari ng'ambo ya uzio wa jirani yetu Skaar. Risasi ilikuwa tayari ndani. Unakumbuka amri ya baba, hakuna kuvuka uzio na risasi ndani ya bunduki. Nikavuta bolti niitoe. Likatoka ganda peke yake! Kichwa kilibaki kimeng'ang'ania mtutu, na baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki na kwenye glavu yangu. Nikainua macho, na yule dume amerudi, amesimama hatua mia moja, ananitazama. Fimbo ya kusafishia mtutu, ambayo ningekisukumia nje kichwa, iko nyumbani. Tulitazamana mpaka alipochoka yeye.

Nililia njia nzima ya kurudi, nakwambia ukweli. Nilijua utasema nini.

Gene alinikuta jikoni nikitikisa baruti kutoka kwenye glavu, nikamsimulia yote.

"Umetumia urefu gani?"

"Wa kwenye daftari lako."

"Daftari la vichwa vya zamani, vya ncha nyembamba?"

"Ndiyo hivyo."

Akachukua risasi moja mfukoni mwangu, akaizungusha kwenye mwanga. "Mama wee, vichwa hivi vina mabega, vimenenepa hadi karibu na ncha! Vinagusa mifereji ya mtutu kabla hujafunga bolti. Ungejipasulia uso, Arlys. Hukusikia bolti ikikataa?"

"Nilisikia. Nikadhani ni baridi."

"Baridi!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Miaka thelathini na nane nimelala na mtu anayesingizia baridi!"

Nilitaka kumrushia glavu. Kisha nikaona anatafuta viatu vyake, nikaiweka chini.

Alikwenda gereji na ndala, akaketi kwenye kiti chake kirefu. Kung'oa vichwa kunahitaji ile nyundo ya plastiki, unaweka risasi ndani na kugonga hadi kichwa kiachie, na nyundo haijali kama mkono unatetemeka. Alizigonga zote zilizobaki. Halafu akaviviringisha vichwa kimoja kimoja juu ya kioo, kinachoyumba kwa kupinda anakitupa kando. Kupima baruti na kushindilia vikawa vyangu, naye akinikaripia kila hatua. Tulipima urefu upya kwa kichwa kilicholegea na ganda tupu ndani ya bunduki ile ile. Siku nne tuligombana humo ndani, na sijafurahi hivyo mwaka mzima.

Alhamisi iliyopita nilimpata dume, pengine ni yule yule. Risasi moja. Orville Skaar alileta nyumbu wake wa mizigo tukashusha nyama, na alipompongeza Gene pale mlangoni, nilimsikia mume wangu akijibu, "Tulipata tabu na mabega, lakini tulimpata." Orville hakuelewa chochote. Mimi niliingia ndani haraka nisionekane.

Kwa hiyo hatuuzi. Wala mashine, wala bunduki, wala nyumba. Siku itakuja, sijidanganyi, na siku hiyo nitakupigia simu mwenyewe. Mpaka hapo usiniandikie tena habari za madalali, niandikie habari zako.

Msalimie Peggy, na watoto wa Glenda, na shangazi Inga ukimtembelea. Mungu awape afya na mvua kidogo huko jangwani. Nyama yenu nimeshaifunga, mlete sanduku la barafu wakati wa Pasaka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukaripia,

Arlys

Jina lililo chini ya langu ni la Gene. Ameliandika mwenyewe, limemchukua dakika nne, na ole wako uniambie halisomeki.

G e n e