Povu katika Kinyungu cha Mama

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini,

Huku Njombe tu wazima. Mama yako amevuna viazi. Umeuliza ni lini nilianza kuamini vimeng'enya vya udongo.

Enzi ya Mwingereza, lori la mafuta lilipinduka kwetu Lyamkena, mafuta yakaingia katika kinyungu cha mama yangu, bustani yake pekee ya bondeni.

"Hapa pamekufa, Mama Eliza," baba alisema.

"Panaumwa tu, Baba Eliza."

"Basi niachie upande huu bila jembe, tuone nani mkweli."

Upande wake mama alifukia nyasi na samadi, akageuza matuta kila msimu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi nilileta dawa ya vidonda, ile inayotoa povu ikikutana na kimeng'enya kilichomo katika damu na katika udongo hai. Nilimimina kiasi kilekile pande zote mbili. Kwa baba, vipovu vichache. Kwa mama, povu lilifura.

 Baba akachukua jembe, akaenda kulima upande wake.

Leo unapima kimeng'enya hichohicho huko maabara. Najivunia wewe, kama nilivyojivunia mama siku ile.

Bibi yako,
Eliza