Gitaa la Besi Lisilo na Kichwa

Tarumbeta wangu, dada,

Pokea salamu, chukua unazotaka, zilizobaki gawia majirani. Hujambo? Nyumba mpya inakuzoea? Bado ukicheka madirisha yanatikisika, au wenzako wa huko wameshakuomba upunguze? Barua yako tuliipata Jumatatu. Mama ameisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na alipofika pale ulipoandika kwamba bado unakula juu ya sanduku la nguo, akaikunja kabla ya kumaliza. Sisi huku wazima. Mama mzima, kile kikohozi kimemwachia. Baba mzima, ila mikono yake inatetemeka kuliko ulivyoiacha, chai sasa anaishika kwa mikono miwili. Mimi mwili mzima. Moyo ndio unachemka kama kopo la gundi lililosahauliwa motoni, na ndiyo maana unaona kalamu imetoboa karatasi. Usiseme mwandiko mbaya. Ni hasira hiyo.

Umeuliza habari za meza yako. Nitakujibu. Lakini nikianza na meza hutanielewa, kwa hiyo niache nianze na gitaa.

Unakijua chumba chetu. Mimi na Mhandisi bado tunabanana mle mle, vitanda viwili na kabati, mmoja akitaka kuvaa suruali lazima mwingine atoke nje. Ndiyo, Mhandisi. Baba sasa anamwita kaka hivyo hata mbele ya wateja wa karakana yake, tangu arudi na cheti cha chuo cha ufundi. Mimi bado ni Bomoa. Miaka kumi na moja tangu nifungue redio ya Mama, na redio yenyewe niliirudishia ikalia vizuri tu, lakini jina halikurudishwa.

Basi fundi redio wa pale kona aliniazima gitaa lake la besi nijifunze. Besi ni ndefu, dada. Nikikaa kitandani kichwa chake kinagonga kabati. Nikigeuka kinagonga kitanda cha Mhandisi, naye analalamika utadhani kagongwa yeye. Halafu kichwa chenyewe kizito, ukiachia mkono wa kushoto tu, shingo yote inainama kama mtu anayesinzia mkutanoni. Nikawa natafuta-tafuta kwenye simu, nikaona kumbe yapo magitaa yasiyo na kichwa kabisa. Shingo inaishia pale nyuzi zinapoanzia, basi, hakuna zaidi. Vile vitu vya kukazia nyuzi vinahamishiwa mkiani, chini ya mkono wa kulia. Siku ile hata chakula hakikupita. Nikasema hili naliunda mwenyewe.

Sasa sikia nilivyofanya, maana humu ndani hakuna aliyetaka kusikia. Shingo ya kwanza niliichonga kwa mbao za kreti. Nikapima mstari wa kwanza wa shingoni, ile mistari ambayo vidole hubania nyuzi, kutoka hapo nikapima wa pili, kutoka wa pili nikapima wa tatu, kama mtu anayepanda ngazi. Kila mstari nimekosea unywele mmoja tu. Lakini nywele kumi na mbili ukizipanga zinafika njiti ya kibiriti, na besi iliyokosewa njiti ya kibiriti inalia kama mbuzi mwenye mafua. Nikaitia jikoni, ikaivisha maharage. Ndipo nikajua kwamba kila kipimo kinaanzia kule juu kabisa, hata kile cha mwisho. Hilo halikuandikwa kwenye cheti cha mtu. Limeandikwa kwenye majivu ya Mama.

Vikazio niliviunda kwa makufuli. Makufuli manne makuukuu ya shaba, yale mazito. Nikayakata kwa msumeno wa chuma, kila kipande nikakitoboa na kukitia skrubu ndefu. Ukizungusha skrubu, kipande kinarudi nyuma, kinavuta uzi, sauti inapanda. Kimoja bado kina tundu la ufunguo, nimeliacha makusudi, linanifurahisha. Mistari ya chuma ya shingoni na zile sumaku za kunasa sauti nilizitoa kwenye gitaa bovu la fundi redio. Vibanio sina, kwa hiyo siku ya kugandisha shingo kwenye mwili nilizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, nikavuta na kukaza mpaka viganja vikatoka malengelenge. Miezi mitano, dada, uani, kando ya karo la kufulia. Mhandisi kila akipita anasema gitaa limefanana na mwenyewe, halina kichwa. Miezi mitano, utani ule ule mmoja, na kila siku anaucheka upya.

Sasa jikaze.

Jumapili mbili zilizopita, mchana, Baba aliingia chumbani kwetu kutafuta futi yake. Gitaa liko juu ya kitanda changu, limekwisha, vanishi ina siku mbili. Mimi nimesimama mlangoni. Mhandisi yuko kitandani kwake anakula mkate. Baba akaliokota, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaliinua usawa wa jicho, kama anavyotazama ubao, kuona shingo imenyooka. Akapitisha dole gumba pale shingo inapoingia kwenye mwili, pale nilipohangaika na patasi siku nne. Akapitisha tena amefumba macho. Na mikono yake, dada, ikatulia. Au labda niliona mimi tu. Akasema kwenye kiungo hiki huwezi kuingiza hata karatasi. Akasema miaka yote ya kazi yake hajawahi kukata kiungo cha namna hii. Akamgeukia Mhandisi, akamwambia kumbe mwanangu ada yangu haikwenda bure.

Yule naye akatafuna. Akameza. Akasema asante Baba.

Asante Baba. Mtu ambaye akipewa msasa anauliza upande upi ndio unaokwaruza. Mtu aliyepigilia rafu ya Mama kichwa chini, vikombe vyote vikashuka kwa miguu yao. Huyo ndiye aliyesema asante.

Kuanzia saa ile nyumba haikukalika. Baba akampigia simu baba mdogo. Akamwita jirani muuza rangi aje aone. Akamwita Mama. Alikuwa anacheka, Tarumbeta, na wewe unajua tangu mikono ianze kumsaliti hajacheka hata mara moja. Mama akaja, akalitazama gitaa, akavitazama vidole vya Mhandisi, laini kama vya karani, halafu akavitazama vyangu vilivyofungwa plasta. Akauliza nani anataka chai. Hapo nikamkasirikia na Mama pia.

Wiki iliyofuata muuza rangi akamleta mpiga besi wa bendi inayopiga kwenye harusi. Mtu mnene, mpole, anapumua kwa mdomo. Akakaa kwenye benchi la karakana, akaliweka gitaa pajani, akaachia mkono wa kushoto. Shingo ikabaki pale pale ilipo. Akatabasamu peke yake. Akapiga, na mimi nilikuwa nyuma ya mbao nimeshika ufagio, nikasikia kitu changu kinaongea kwa mikono inayojua. Nusura nilie. Alipomaliza akamuuliza Mhandisi kwa nini kaamua kuondoa kichwa. Mhandisi akajikohoza, akasema ni kuokoa mbao. Yule bwana akamtazama kama unavyomtazama muuza nyama asiyejua ini liko wapi. Baba akacheka, akasema vijana wangu hawa wana utani sana. Mpiga besi akaagiza la kwake, la nyuzi tano, baada ya miezi miwili aje alichukue. Wakapeana mikono, Baba na yeye, huku Mhandisi anaitikia kwa kichwa kama bwana harusi.

Kisha Baba akatangaza. Jumamosi hii mchoraji anakuja kuandika mlango wa karakana upya: Baba na Mhandisi, Mafundi wa Mbao na Magitaa. Funguo ameshampa Mhandisi. Anazining'iniza kiunoni, anazitingisha hata akienda chooni.

Alasiri ile ile akanifuata uani na chupa moja ya soda, eti dogo, tuelewane. Wewe mikono, mimi mdomo. Yaani mimi nitakaa nyuma nitengeneze, yeye atakaa mbele azungumze na watu, kwa sababu wateja wanapenda kuona cheti ukutani. Nikamwambia atengeneze mwenyewe, nyuzi zote tano, apimie hicho cheti. Nikamwambia nakwenda kwa Baba sasa hivi. Nilidhani atanishika shati. Wala. Akaichukua soda aliyonipa mwenyewe, akamalizia, akasema nenda. Ila ukifika, akasema, mweleze yote, na uanzie mwanzo.

Sikwenda.

Nimefika kwenye meza yako.

Mama alikwambia kwenye simu kwamba ubao wako uliliwa na mchwa. Ule mwekundu, uliokaa juu ya boriti za karakana tangu ulipokuwa na miaka kumi, ambao Baba alikuwa anatuonyesha kwa penseli yake na kusema huu ni wa meza ya binti yangu, siku akipata kwake. Dada, hakuna mchwa. Mchwa ni mimi. Mbao za kreti haziwezi nyuzi za besi, zinapinda kama upinde. Nilitaka mti mgumu uliokauka miaka mingi, na karakana nzima ulikuwepo mmoja. Niliushusha siku Baba alipokwenda hospitali kuangaliwa mikono. Nikaukata katikati. Nilijiambia wewe uko mbali, una kazi, utanunua meza nyingine. Nilijiambia mengi, yote kwa haraka, maana msumeno ulikuwa umeshaanza.

Na nimekudanganya tena humu humu kwenye barua. Nimekwambia Baba aliliokota gitaa akakaa kimya. Hakukaa kimya. Alipoligusa tu aliujua ubao wake. Kabla ya kiungo, kabla ya dole gumba, aliuliza kwa ile sauti ya chini tunayoijua sote, nani kaukata ubao wa binti yangu. Nami pale mlangoni nikasema ni Mhandisi. Haikunichukua hata pumzi. Nilitaka yamkute yeye, kwa ile miezi mitano ya utani. Yeye mdomo umejaa mkate, hawezi kukana, na kabla hajameza Baba alishaligeuza gitaa, akaona kiungo, na ghadhabu yote ikamwishia mikononi. Akasema aliyeweza kuukata hivi alistahili kuukata. Akasema dada yenu tutamwambia ni mchwa.

Kwa hiyo kazi yangu haikuibwa. Nilimkabidhi mtu mwenyewe, kwa mdomo wangu. Lakini hasira haikupungua, imeongezeka, na ndicho kinachonitesa. Namkasirikia Mhandisi kwa kumeza ule mkate. Namkasirikia Mama kwa ile chai. Namkasirikia Baba kuliko wote, maana najua, dada, najua kabisa, angesikia ni Bomoa asingeligeuza lile gitaa. Angeona ubao uliokatwa, basi. Kiungo angekiona nani? Au labda ninamsingizia. Labda angeligeuza. Sikumpa nafasi, na sasa sitajua kamwe bila kumwambia.

Nikimwambia, namnyang'anya kicheko chake mbele ya muuza rangi na mpiga besi na baba mdogo, namrudishia mtoto mmoja mwongo na mwingine mwongo. Nisipomwambia, kuanzia Jumamosi mlango utasoma jina la mtu asiyejua hata kwa nini shingo haina kichwa, na mimi nitakuwa nyuma, nimeshika ufagio, mpaka nizeeke. Mhandisi ameshaniomba nusu ya ubao iliyobaki, eti inatosha besi ya yule bwana. Nimemwambia haiguswi. Iko chini ya kitanda changu, nimeifunga kwa shuka. Inatosha meza ya mtu mmoja na sahani yake, na ni yako, hata ukinichukia. Msamaha sitakuomba humu, msamaha wa kuandika ni rahisi mno. Nitakuja nikuombe ukinitazama.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae soksi. Baba anakusalimu, anauliza huko mbao ni bei gani. Mhandisi hajanituma salamu, kwa sababu hajui naandika. Wasalimie wote wanaokufahamu, na yule mwenzako wa kazini anayekuletea ndizi, ambaye unajifanya humtaji.

Barua hii naituma leo Jumatano kwa kondakta anayekuja huko, nimemwambia akukabidhi mkononi, na nimemsihi arudi na jibu lako Ijumaa. Andika hata mstari mmoja. Ubao ulikuwa wako, Baba ni wako pia, na wewe ndiye peke yako katika familia hii uliyewahi kuniuliza redio niliirudishiaje. Jumamosi asubuhi, mchoraji ameshachanganya rangi, Baba amesimama pembeni anacheka, mikono ameficha mfukoni watu wasiione. Ungekuwa mimi, Tarumbeta, ungefanya nini?

Ni mimi mdogo wako,
Bomoa