Baiskeli ya Mama Haikuwa ya Mtawa

Gent, Ubelgiji
Jumapili asubuhi

Kaka Idrisa,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama alitulea hivyo, mdogo amwamkie mkubwa hata pale mkubwa mwenyewe alipojishusha. Marahaba yako baki nayo huko huko Isevya. Hali yako siulizi. Ya mama ninaijua, nimeongea naye juzi na jana, na ya wifi na watoto nimeipata kwa Baba Mdogo Seifu. Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua kwa ngazi za nyumba za huku na baridi imeanza kuuma, ila sikushika kalamu kukulilia baridi.

Simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti unaufuta bila kuusikiliza. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono. Barua hii inakuja na mtu anayesafiri leo, ataikabidhi kwa Baba Mdogo, naye ataisoma mbele ya mama kabla haijafika kwako. Usijisumbue kuichana.

Unajua kazi yangu huku ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao ni mzee Maarten, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe. Asubuhi tatu kwa wiki naenda kumwogesha, kumpikia na kumfulia. Nyumba yake imejaa baiskeli za kale mpaka kitanda chake amekisogeza sebuleni. Zipo zenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na zipo zilizoundwa kwa kipimo cha mtu mmoja tu, huyu mrefu kupita kiasi, yule mwenye mguu mfupi. Na rafu nzima ni majarida ya baiskeli ya zamani, ya wakati ule baiskeli yenyewe ilipokuwa kitu kigeni kwa watu wa huku huku.

Siku moja alinitafsiria mabishano ya enzi hizo, madaktari wakiandika kwamba mwanamke akipanda baiskeli hatazaa. Nilicheka. Nikamwambia kwetu Tabora nako wazee wa mtaa walimwita baba wakamwambia mambo ya aina hiyo hiyo, kwamba anamwaibisha mkewe kwa kumpandisha baiskeli, na mkewe mwenyewe ndiye mkunga aliyewazalisha wake zao. Mzee Maarten alifurahi sana. Akasema, kwa kuwa natoka Tabora, Jumanne atanionyesha kitu.

Jumanne akanipeleka chumba cha nyuma, akavuta shuka. Ilikuwa baiskeli ya mama.

Sikuhitaji kuitazama mara mbili. Keria ile pana, iliyoundwa kubeba sanduku lake la ukunga. Siti ya ngozi ya mbuzi aliyoishona Baba Mdogo Seifu kwa mkono wake. Niliketi sakafuni, mzee akadhani nimeugua. Akaniletea maji, kisha akaniletea jarida jipya la wakusanyaji wa baiskeli, toleo la mwezi ule, ambamo yeye mwenyewe ameiandikia makala. Aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa kizungu anayezunguka Afrika akitafuta vitu vya kale. Akafungua ukurasa. Ulikuwemo wewe, Idrisa. Umevaa kanzu ya marehemu baba, mkono juu ya usukani, unatabasamu kama bwana harusi.

Wewe uliyetuambia baiskeli imeibwa. Mama alilia siku tatu, nawe ukakaa pembeni yake ukimbembeleza.

Nikamwomba mzee anisomee kilichoandikwa, naye akanisomea polepole. Kwamba baiskeli hii ililetwa kutoka Ulaya na mtawa wa kizungu. Kwamba mtawa aliipanda kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ya kwenda Ujiji, akitibu wagonjwa kijiji hadi kijiji. Kwamba alipoondoka alimwachia mtumishi wake, mwanamke mwaminifu aliyekuwa akimfulia nguo.

Nikamuuliza, "Haya alikuambia nani?"

"Yalikuja pamoja na baiskeli," akasema. "Aliyasema mtoto wa huyo mtumishi. Ndiye huyu pichani."

Kaka, mama yetu ni mtumishi wa nani? Ulipokuwa Nzega ukifukuzia dhahabu, mama alikuwa anatoka hospitali ya Kitete alfajiri hadi kijijini Kwihara kwa baiskeli ile, na mvua ikimkuta njiani. Watu wazima wangapi hapo mtaani wamepita mikononi mwake? Hata watoto wako wote wawili, wifi alijifungulia kwa mama. Mwanamke huyo umemfanya dobi wa mtu asiyekuwepo, kwa kuwa mzungu alitaka hadithi nawe ukampa. Na baba ukamfuta kabisa. Humo hata kama fundi wa kuziba pancha hayumo.

Nilimwambia mzee Maarten kuwa ni uongo mtupu, kwamba baiskeli ile aliiunda baba yangu, fundi Athumani, karakanani kwake Gongoni, na nilikuwepo. Hakunipokea vizuri. Alisema kila mtu wa kule ana hadithi yake kuhusu kitu kizuri, na kwamba fremu yenyewe ni ya mtindo wa Ulaya, inaonekana kwa macho. Nikamjibu kuwa mtindo ni wa Ulaya kweli, maana baba aliutoa kwenye jarida kuukuu alilopewa na mkuu wa stesheni, halina jalada, mchwa wameshalila nusu, Kiingereza chake hakukijua. "Mimi nasoma picha," alikuwa akisema. Kulikuwa na picha ya mwanamke wa zamani mwenye gauni refu juu ya baiskeli, bomba la juu la fremu limepindwa kwenda chini. Baba akaona hapo ndipo mkewe atapita na baibui lake bila kunyanyua mguu.

Mzee akatikisa kichwa tu. Basi nikamwambia atoe siti, aigeuze fremu juu chini na kuigongagonga kwa nyundo ya mpira. Ili kulikunja bomba lile lisibonyee, tulilijaza mchanga wa uani petu, tukaliziba ncha zote mbili kwa vigingi, ndipo tukaliweka kwenye moto wa mkaa. Mimi nilivukuta, baba akapinda. Mchanga mwingine uligoma kutoka, baba akasema uacheni, hauli kitu.

Mzee alikataa, kisha udadisi ukamshinda. Tulitandika gazeti mezani. Aligonga kwa muda mrefu bila kupata kitu. Kisha mchanga ukaanza kushuka, kidogo kidogo, mwekundu, hadi ukatosha kujaza kijiko. Akaugusa kwa kidole, akaketi.

Alichosema baadaye kiliniuma kuliko kukataa kwake. Alisema hakuna atakayefungua ukurasa kwa ajili ya fundi wa Tabora. Watu walimpenda mtawa. Nikamwambia wasifungue, lakini mama yangu atoke humo. Nikavua aproni, nikamwambia sitarudi kumwogesha mpaka majina yarekebishwe. Wiki nzima alihudumiwa na mtu mwingine. Kisha akanipigia mwenyewe. Amewaandikia wahariri wa jarida barua ya kusahihisha, yenye jina la baba na jina la mama na kazi ya kila mmoja, nami nimeisoma kabla haijapostiwa. Baiskeli harudishi. Anasema ameinunua kihalali. Bado nina hasira naye, lakini ninamwogesha, ndiyo kazi yangu. Wewe sina mkataba nawe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwalo sikusamehe.

Ndila. Mpangaji wetu wa chumba cha uani, mtu wa Bukene, muuza michembe ya viazi vitamu. Yule aliyekuwa akiipaka mafuta mnyororo wa baiskeli ya mama kila Jumamosi bila kuombwa. Ulipotangaza wizi, watu wa mtaa walimwendea yeye moja kwa moja, kwa kuwa ndiye mgeni. Walimpiga barazani kwetu mpaka meno mawili yakatoka, vyombo vyake vikatupwa njiani, nawe ulikuwa umesimama mlangoni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema kwenye simu kwamba afukuzwe. Hilo ni langu, nalibeba. Nililisema kwa kuamini neno lako.

Nimemtafuta kupitia jamaa zake mpaka nikampata. Yuko Bukene, analima shamba la kaka yake. Alikuwa amekwisha kupeleka posa. Wazazi wa msichana walivunja, wakasema hawaozi kwa mwizi. Nilipomweleza niliyoyaona huku, hakushangaa hata kidogo.

"Dada Zuhura, nilijua," akaniambia. "Nilimwona kaka yako akiifunga kwenye turubai. Ningesema, nani angemsikiliza mpangaji dhidi ya mtoto wa nyumba?"

Swali hilo linataka jibu. Wewe unalo?

Juzi nilimweleza mama yote. Sikumficha hata lile la udobi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hiyo baiskeli waachie wenyewe. Mimi sasa nitaipanda kwenda wapi? Nileteeni Ndila." Hakulitaja jina lako. Nimemuuliza kama ana neno kwako, akasema neno lake atalisema akiwa amekutazama.

Ndila kwanza alikataa kukanyaga Tabora. Alikubali alipozungumza na mama mwenyewe. Anakuja na treni Alhamisi. Ijumaa baada ya swala, Baba Mdogo atawaita barazani wale wote waliompiga, nawe utasimama pale pale alipopigiwa, useme kwa mdomo wako ni nani aliyeichukua baiskeli na ilikwenda wapi. Ukisafiri ghafla, au ukiugua, Baba Mdogo ana nakala ya barua hii. Ataisoma kwa sauti kuanzia shikamoo.

Salamu zangu zimfikie Baba Mdogo Seifu, fundi wetu wa ngozi, nilimsumbua sana wiki hii. Zimfikie shangazi Tatu anayempikia mama, na wifi yangu, ambaye sina neno naye, pamoja na wanao. Waambie shangazi yao anawapenda. Mama usimfikishie. Tunaongea wenyewe.

Mama ameamua Ndila alale chumba chake kile kile cha uani, kwa muda atakaotaka. Nasikia umekigeuza stoo ya mifuko ya saruji. Itoe, ukifagie, utandike kitanda. Fanya wewe mwenyewe, usimtume wifi.

Zuhura