Siku Niliyomsimamisha Mama Mwanahawa

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Chaki vimebaki vipande vitatu. Vumbi la saruji kutoka soko jipya linaingia darasani, naandika huku nakohoa. Watu wazima kumi na wanane kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yanagota mbao. Leo tumeanza "give up". Nimewapa maana tano. Kuacha tabia. Kukata tamaa. Kumpisha mtu kiti. Kujisalimisha kwa polisi. Kujinyima kitu kwa ajili ya mwingine. Mpagazi mmoja akasema Waingereza ni wabahili, neno moja wanalifanyisha kazi za watu watano. Tumecheka sana. Mama Mwanahawa hakucheka, alikuwa anaandika.

Tumepanga nyumba moja, chumba chake kinatazamana na changu. Asubuhi bombani namwamkia shikamoo, ananiitikia "marahaba mwanangu". Saa kumi jioni anasimama na wenzake: "Shikamoo mwalimu." Ndiyo kanuni ya darasa. Mwanzoni, mimi binti mdogo kwake, nilikuwa naitikia kwa sauti ndogo, kwa aibu. Siku hizi naitikia vizuri tu.

Jumatano, 7 Agosti

Mtihani ni tarehe 24. Mama Mwanahawa anafagia ofisi kule bandarini, mwaka wa kumi na moja huu. Wamemwambia akifaulu Kiingereza atahamishiwa kwenye simu. Akae kitini. Kila siku tunaambiwa Kiswahili, Kiswahili, lakini simu ya ofisi yao bado inaongea Kiingereza. Mgongo unamuuma. Ana miaka arobaini na sita, anasema nafasi nyingine haitakuja.

Posa ya binti yake, Mwanahawa, imekubaliwa. Nyumba nzima tumekula halua. Mchumba ni Shabani, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu. Kijana mpole. Nimefurahi nao.

Ijumaa, 9 Agosti

Mkaguzi wa elimu ya watu wazima kaja bila taarifa. Na leo ndiyo siku ya kwanza ya Shabani, kajiandikisha, kakaa dawati la nyuma. Nilimwona. Nilijua ni nani.

Nikataka kumwonyesha mkaguzi jinsi wanavyojua. Nikamwita aliye bora. Mama Mwanahawa, maana ya tatu na mfano. Kimya. Nikarudia. Anatazama dawati. Kanuni yangu: asiyejibu anasimama mpaka ajibu. Nikamsimamisha. Kasimama, kajifunika khanga mpaka usoni. Nikasema mtu mzima unanitia aibu, mtoto mdogo angekwisha kujibu. Niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Kasimama mpaka kengele.

Mkaguzi kaandika kwamba darasa lina nidhamu.

Jumamosi, 10 Agosti

Bombani. Wanawake watano na ndoo zao. Kabla sijafungua mdomo, Mama Mwanahawa kaweka ndoo chini na kuniamkia yeye.

"Shikamoo mwalimu."

Hakuwa anatania. Wote wakanitazama. Sikuitikia, nimerudi chumbani na ndoo tupu.

Mkwe. Mama mkwe hata chakula hali mbele ya mkwe wake. Akimwona njiani anashika upande wa pili. Mimi nimemsimamisha mbele yake kama mwanafunzi mtoro, wiki ileile ya posa. Kwetu Moshi nako mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Siwezi kusema sikujua. Nilijua, nikamjali mkaguzi.

Jumatatu, 12 Agosti

Hakuja.

Jumatano, 14 Agosti

Hakuja. Jioni nimekwenda kwake, nimevua viatu mlangoni. Nimeomba radhi. Kanikaribisha, kanipa chai. Adabu tupu, na adabu yenyewe ndiyo iliyoniumiza. Nikamwambia tusomee uani, mimi na yeye, zimebaki siku kumi.

"Uani, mwalimu? Wapangaji wote wanipitie na ndoo zao? Mimi ni mtu mzima. Yamekwisha, usijisumbue."

Nimekunywa chai yote kwa sababu sikujua la kufanya.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimemfuata Shabani kwenye cherehani yake. Hakuweza kuniangalia usoni. "Ungeniambia, mwalimu. Ningetoka hata nikakae barazani." Kumbe alitaka kutoka siku ileile, akaogopa na yeye atasimamishwa. Kajiondoa darasani leo hii. Nimerudi mbio kumwambia mama kwamba nafasi yake iko wazi. Kasema ahsante. Kaendelea kuchambua mchele.

Nilidhani nikimwondoa Shabani nitakuwa nimelimaliza. Alichokwisha kuona Shabani nitakiondoaje?

Jumatano, 21 Agosti

Dawati lake nimeliacha tupu. Mpagazi alitaka kulikalia, nikamkatalia kwa ukali bure. Kanuni ya kusimama nimeifuta. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumamosi, 24 Agosti

Siku ya mtihani. Nimeamka mapema, nikasikiliza mlango wa Mama Mwanahawa. Labda. Saa moja katoka na kikapu, nikamfuata kwa macho mpaka kona. Kaelekea sokoni.

Wanafunzi wangu tisa wamefanya. Yeye angewashinda wote.

Jumatano, 28 Agosti

Madaftari ni haba, anayeacha darasa anarudisha lake. Mwanahawa kaleta la mama yake, limefungwa ndani ya gazeti vizuri. Kurasa nyingi ni nyeupe bado. "Mama anasema lifae mwingine."

Nimelifungua. Ukurasa wa tarehe 5, maana zote tano, na kila moja kaitungia mfano wake kwa Kiingereza. Nilikuwa sijawapa kazi hiyo. Kwenye ya tatu, ileile niliyomsimamisha nayo: kijana alimpisha mama kiti ndani ya basi. Haina kosa hata moja. Kwenye ya pili kaandika hatakata tamaa, kwa sababu mwalimu wake ni binti yake wa nyumba moja.

Nimelia. Daftari simpi mtu.

Alhamisi, 29 Agosti

Maji yametoka mapema. Nilikuwa wa kwanza bombani, nikamsubiri. Alipofika nikampisha, ndoo yangu nikaiweka nyuma ya yake. Nikawahi mimi.

"Shikamoo mama."

Kafungua bomba. Ndoo imejaa nusu ndipo kaitikia, bila hasira, kama mtu anayemwitikia mpita njia.

"Marahaba, mwalimu."

Kajitwisha ndoo yake, kaenda.