Mwalimu Claudette na Wanaume wa Barazani kwa Bi. Sabaha

KAMATI YA DARASA LA USHONAJI LA AKINA MAMA, MTAA WA MCHIKICHI, KARIAKOO

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 12 Julai 1975, katika chumba cha darasa, uani kwa Ndugu Sabaha.

WALIOHUDHURIA
Ndugu Mboni Shaibu – Mwenyekiti
Ndugu Sabaha Mfaume – Mjumbe na mwenye nyumba
Ndugu Zena Kibwana – Mjumbe, kwa niaba ya wanafunzi
Ndugu Claudette – Mwalimu, raia wa Guyana
Ndugu Pius Vitalis – Balozi wa nyumba kumi (mwalikwa)
Ndugu Theopista Elisaria – Katibu

HAWAKUHUDHURIA
Ndugu Severa – kwa udhuru, anauguza mtoto
Ndugu Agnesi – bila udhuru, mara ya tatu sasa

KUMB. NA. 1/75: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilipangwa kuanza saa 9.00 alasiri. Kilianza saa 9.35, kwa kuwa Balozi alisimama kwanza nje kupiga soga na watu wale wale waliosababisha kikao kiitishwe.

KUMB. NA. 2/75: BARUA YA MWALIMU
Mwenyekiti aliisoma barua ya Mwalimu ya kuomba ahamishiwe Upanga. Sababu aliyoitoa ni kwamba hawezi tena kupita mbele ya baraza la nyumba hii, ambako wanaume hukaa tangu alasiri, na darasa halina njia nyingine ya kuingilia. Mwenyekiti alikumbusha kwamba mtihani ni Oktoba, na kwamba bila mwalimu hakuna mtihani, na bila mtihani akina mama hawatakubaliwa kuanzisha ushirika wao.

Balozi alisema jambo hili ni dogo. Alieleza kwamba vijana wa Kariakoo ni wachangamfu, na kwamba mgeni hana budi kuzoea. Aliongeza kuwa ofisi yake haikukaa kimya, kwani mwezi wa Mei ilimteulia Mwalimu vijana watatu wa kumsindikiza.

Mwalimu aliulizwa kama ni kweli. Alijibu kuwa ni kweli, na kwamba wawili kati ya hao watatu walimposa. Wa tatu alimposea kaka yake.

Balozi aliomba maneno hayo yasiandikwe. Katibu alisikia ombi hilo.

KUMB. NA. 3/75: SUALA LA SALAMU
Ndugu Sabaha alisema yeye hana ugomvi na Mwalimu, ila adabu inajulikana mji mzima: anayepita ndiye anayewaamkia waliokaa. Alisema Mwalimu hupita kimya kama anayeringa, na kwa kuwa hana tofauti na mabinti wa hapa kwa sura, watu humwona mtoto wa Buguruni anayejidai hajui Kiswahili.

Mwalimu aliomba kusema. Katibu anayaandika maneno yake kama alivyoyatamka, maana aliyatamka taratibu:

“Miezi mitatu ya kwanza nilisalimia kila siku. Nikatoa mkono, mkono ukashikwa, haukuachiwa mpaka kwenye nguzo ya taa. Basi nikaacha kusalimia. Wakati ule sikuelewa wanasema nini, na ilikuwa nafuu. Ninyi mmenifundisha Kiswahili vizuri sana. Sasa naelewa yote.”

Mwenyekiti alikumbusha kwamba mwezi wa Machi Mwalimu aliuliza darasani maana ya maneno fulani aliyoyasikia njiani, na darasa zima likacheka mpaka cherehani zikasimama. Mwenyekiti alisema yeye mwenyewe alicheka. Katibu naye alicheka, na leo anaona haya.

KUMB. NA. 4/75: MAPENDEKEZO
Ndugu Sabaha alipendekeza Mwalimu achukuliwe kama mwanawe na mtaa utangaziwe hivyo, ili wanaume wamheshimu kwa heshima ya mama. Balozi aliunga mkono upesi, akatazama saa.

Mwalimu alishukuru, akauliza: na mwanamke asiye na mama Kariakoo, yeye afanywe nini?

Hapo Ndugu Zena, ambaye tangu darasa lianze hajawahi kuchangia kikaoni, alinyoosha mkono. Alisema yeye ana mama, ana baba, na amezaliwa mtaa wa pili. Hata hivyo, huzunguka hadi Msimbazi na kungoja wanaume waingie msikitini ndipo akimbilie darasani. Alisema wanafunzi kumi na wawili walioacha hawakuacha kwa uvivu kama ilivyoandikwa kwenye daftari, na Agnesi ni mmoja wao.

Balozi alimtaka ataje majina au anyamaze. Ndugu Zena alimtazama Ndugu Sabaha, akasema, “Nisamehe, mama. Ni mjomba Awadhi.”

Awadhi ni mdogo wake Ndugu Sabaha, wa tumbo moja. Ndugu Sabaha aliuliza, “Alikwambia nini?” Ndugu Zena alimwendea akamnong’oneza. Maneno hayo hayamo humu kwa sababu Katibu hakuyasikia. Alichokiona ni Ndugu Sabaha akijifunika uso kwa kanga, kwa muda mrefu.

KUMB. NA. 5/75: UAMUZI
Balozi alishauri baraza lipigwe marufuku. Ndugu Sabaha alikataa. Alisema kumfukuza mtu barazani ni aibu ya nyumba, na marehemu mama yake hakuwahi kufanya hivyo.

“Sifukuzi mtu,” alisema. “Lakini baraza ni langu, nimelipiga saruji kwa mikono hii. Nani kasema mwenye nyumba hakai?”

Iliamuliwa kwamba kuanzia Jumanne cherehani zote sita zitolewe nje, na darasa lifanyikie barazani. Mwanaume atakayependa kubaki akaribishwe, apewe kazi ya kufumua mishono iliyokosewa. Ndugu Zena atawafuata nyumbani wanafunzi kumi na wawili. Balozi alipinga peke yake, kisha akauliza kama cherehani zitahitaji wabebaji. Alipewa mbili.

Mwalimu aliomba arudishiwe barua. Alisema hataki kuondoka kabla hajafundisha kola, ambayo darasa zima bado linaikosea.

KUMB. NA. 6/75: KUFUNGA
Kikao kilimalizika saa 11.50 jioni.

Katibu ameagizwa na Mwenyekiti kuongeza yafuatayo. Wajumbe walitoka pamoja. Barazani walikuwapo wanaume wanane, Awadhi akiwa katikati. Ndugu Sabaha alisema, “Sogeeni.” Walisogea. Aliketi, akapigapiga kwa kiganja saruji ya pembeni yake kumwashiria Mwalimu, na Mwalimu akaketi, kisha Zena, kisha sisi wengine. Muuza kahawa alisimama na dele lake, hajui la kufanya, mpaka alipoambiwa ni vikombe vitano, vya akina mama, na Awadhi ndiye atakayevigawa.

Aligawa. Alipomfikia Zena alisema, “Karibu, dada,” huku akitazama chini, na Zena akapokea.

M. Shaibu
Mwenyekiti

T. Elisaria
Katibu