Hakuna Taarifa ya Mzazi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa asubuhi natakiwa kumkabidhi mwalimu mkuu alama za mtihani wa hesabu, na ndani ya alama hizo kuna sifuri moja ambayo ikifika mezani kwake, nyumba yangu sijui itakuwaje.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la saba na wanafunzi wananiita Kengele, si kwa ubaya, ni kwa vile kengele ikishalia mlango wangu umefungwa. Mwanzoni mwa mwaka niliandika matarajio yangu kwenye karatasi kubwa nikaibandika juu ya ubao, kwamba kila mmoja aje na daftari, rula na kalamu yake, kikokotoo kibaki nyumbani, jibu lisiloonyesha njia halina alama hata likiwa sahihi, ukikosea usifute, piga mstari mmoja uanze upya ili nione ulipopotelea, na ya mwisho, ambayo ndiyo imeniingiza matatani, atakayekosa mtihani bila taarifa ya mzazi kabla ya kengele anapata sifuri na harudii. Nilizisoma kwenye kikao cha wazazi wakapiga makofi, mama mmoja akasema hatimaye tumepata mwalimu asiyechezewa, na mimi, sikufichi, nilirudi nyumbani siku ile nikitembea kama bwana harusi.

Sasa muhula uliopita mtoto wa fundi baiskeli, yule mwenye banda karibu na lango la shule, alifika siku ya mtihani kengele imeshalia, amelowa mpaka kifuani, bomba limepasuka chumbani kwao na walikuwa wanaokoa magodoro. Nikamwacha nje. Alikaa kwenye ngazi mpaka wenzake wakamaliza. Mchana baba yake akaja, mikono bado ina grisi, kiti nilichompa akakikataa, akasema, "Mwalimu, huyu hakuchelewa kwa uzembe, mimi ndiye niliyemshika anisaidie. Mpe karatasi. Akishindwa, ashindwe yeye." Nikamwonyesha ukutani, nikamwambia, "Mzee, nikikufungulia wewe mlango leo, kesho nitamfungia nani?" Akaisoma ile karatasi taratibu mpaka chini, akasema haya, akaondoka. Ile sifuri ilimtoa kijana kwenye kundi la masomo ya jioni, ambalo ndilo linaloandaliwa kwa ajili ya shule kubwa za sekondari, na tangu hapo nikimuuliza swali anajibu "sijui, Mwalimu," na mimi najua kwamba anajua.

Hilo la kwanza. La pili ni kwamba mwaka juzi nilioa mwanamke mwenye binti, na binti huyo yuko darasani kwangu. Tulikubaliana shuleni aniite Mwalimu kama wenzake, lakini nyumbani alikuwa haniiti kitu, akitaka kusema nami anapitia kwa mama yake, "mwambie chakula tayari," nami nimekaa palepale namwona. Hivi karibuni, tuko mezani, akasema bila hata kuinua macho, "Baba, nipe chumvi." Nikampa chumvi nikajifanya sikusikia neno lolote jipya, mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza mpaka nikauma midomo. Tangu siku ile nikawa Baba, na mshauri, nilifurahi kupita nilivyofurahi kupata kazi.

Wiki iliyopita, alfajiri ya siku ya mtihani, mke wangu akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Tulimkimbiza hospitali mimi na binti, muuguzi akasema lazima abaki mtu wa kutumwa dawa na kuitika, mama mdogo wa binti alikuwa bado njiani anakuja, na mimi ndiye niliyekuwa na karatasi za mtihani mkobani. Nikamwambia binti, "Kaa na mama yako mpaka mama mdogo afike, nikimaliza nakuja." Akaniuliza, "Na mtihani, Baba?" Nikamwambia, "Tutaangalia," nikaondoka mbio.

Kengele ikalia na dawati lake liko tupu. Kiranja wa darasa akasimama akauliza kwa sauti, "Mwalimu, huyu wa kwako hayupo, tumsubiri?" Darasa zima likanigeukia, na yule mtoto wa fundi, ambaye muhula mzima huu ameinamia dawati, akainua uso akanitazama moja kwa moja. Nikasema, "Hakuna taarifa ya mzazi iliyofika. Mwandikie sifuri." Nikafunga mlango.

Mke wangu alijifungua salama, mtoto wa kike, lakini jioni nilipofika wodini marafiki wa binti walikuwa wameshapita kumwona mtoto na wameshamwambia kila kitu, akanipokea mlangoni na "Shikamoo, Mwalimu," kwa heshima zote, na hadi leo nyumbani kwangu mimi ni Mwalimu, Mwalimu maji yako ya kuoga tayari, Mwalimu mama anakuita. Mke wangu naye ananijibu kwa mkato. Anayenisemesha bila kinyongo ni huyu mchanga, na yeye lugha yake ni kulia. Jana mke wangu akaniambia, "Sikuombi kingine. Mpe mtoto karatasi afanye." Mwalimu mkuu naye anasema, "Tumia busara, ni mwanao, nani atauliza?" Lakini nitampitaje yule fundi asubuhi, ambaye mpaka leo ananisalimia vizuri tu? Nikimpa binti karatasi nimependelea, nisipompa nimeivunja nyumba. Nimechoka kulala macho. Nijibu wazi, hata kama ni kunigombeza.

Kengele

*

Mwalimu Kengele,

Hongera kwa mtoto, na mama yake mpe pole zangu. Sasa keti vizuri, maana umeomba kugombezwa na mimi sina hiyana.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta ugomvi wa nyumbani kwako uko wapi. Wewe unadhani uko kwenye karatasi ya mtihani. Mke wako naye anataja karatasi, kwa sababu amechoka, ametoka kujifungua na hana nguvu za kukufafanulia. Nitakufafanulia mimi.

Sheria yako inataka taarifa ya mzazi kabla ya kengele. Haya, alfajiri ile nani alijua mtoto yuko wapi? Nani alimwambia abaki? Alikuuliza habari za mtihani, na hakumuuliza mwalimu, alisema "Baba." Ukamjibu tutaangalia, na mtoto wa umri ule akiambiwa hivyo na mtu mzima anayemwamini, anaacha kuhangaika, anajua limeshikwa. Kisha ukaenda kusimama mbele ya wenzake na kutangaza kwamba hakuna mzazi aliyesema kitu. Mzazi alikuwepo, Mwalimu. Alikuwa mbele ya ubao, ameshika chaki.

Kwa hiyo usimnunie huyo binti kwa kukuita Mwalimu. Hana kiburi. Ulisema hakuna mzazi, naye amelishika neno lako.

Najua hukudhamiria. Uliona uso wa yule kijana ukaingiwa na hofu, na hofu hiyo nakuonea huruma, kwa sababu ilikuwa inakwambia ukweli ambao umeukimbia muhula mzima: yule mtoto ulimwonea. Baba yake alikuja na mikono ya grisi akakwambia mimi ndiye niliyemshika. Hiyo ilikuwa taarifa ya mzazi, ilichelewa tu, na aliyeichelewesha ni bomba. Badala ya kumrudishia kijana haki yake, ulimtwisha binti sifuri ya pili ili zilingane. Kijana amefaidika nini na sifuri ya mwenzake? Wewe unayefundisha hesabu niambie.

Sheria zako nyingine sina neno nazo. Watoto waje na rula, waonyeshe njia, makosa wasiyafute, hiyo hata mimi ingenifaa utotoni. Lakini ile ya mwisho haipimi hesabu hata kidogo. Inapima kama nyumbani kwa mtoto kumekucha salama, na hilo mtoto hana uwezo nalo.

Sasa sikiliza, na ufuate kwa mpangilio huu huu, usirukeruke.

Binti usimpe karatasi bado. Anza na fundi. Nenda leo kabla hajafunga banda, uende wewe, usimtumie mtu kumwita shuleni. Mwambie ulimkosea mwanawe na unaomba kijana arudie mtihani wake. Usianze kumweleza habari za wodi na mke, atadhani umekuja kutafuta huruma, na atakuwa hajakosea sana. Akinyamaza, subiri. Akikufokea, pokea. Ukitoka hapo nenda kwa mwalimu mkuu umwambie alama za Ijumaa zitachelewa, na kwamba kijana akifaulu arudi kwenye kundi la jioni. Karatasi za watoto wote wawili zitungwe na mwalimu mwingine, yeye asimamie na yeye asahihishe. Wewe kalamu yako iweke mfukoni. Mkuu aliyekwambia utumie busara hatakosa kukubali, ila safari hii busara itatumika mbele za watu.

Kesho yake simama darasani. Sifuri zote mbili ulizitoa mbele ya darasa, basi na kuziondoa iwe hapohapo. Taja makosa yako kwa jina, usiseme "kumetokea mabadiliko." Ile sheria ya mwisho ibandue wakikuona. Wakicheka, waache wacheke, watoto hucheka wakipumua.

Nyumbani ndiko utakakoona kugumu, kwa sababu huko huna ubao. Mwambie binti, mama yake akisikia, "Nilijua ulipo. Mimi ndiye niliyepaswa kusema, na sikusema." Ishia hapo. Usimletee zawadi na usimwombe akuite jina lolote. Huenda ukabaki Mwalimu kwa muda mrefu, uvumilie.

Na siku atakayorudia mtihani, mpeleke mwenyewe mpaka mlangoni, mapema, kengele haijalia. Msalimie huyo mwalimu atakayesimamia, hata kama ni rafiki yako wa kila siku, kisha umwambie binti akiwa amesimama hapo kando: "Mimi ni mzazi wake. Nimemleta."